Christopher Hitchens: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwandishi aliyeikana dini hadharani

Kila mabishano ya dini yanapopamba moto mitandaoni, haichukui muda kabla mtu hajatupia kipande cha video cha Christopher Hitchens, koti limekunjamana, sauti nzito, akimjibu askofu au rabi mpaka ukumbi unalipuka kwa makofi. Wengi wanaujua ulimi wake tu. Majibu yafuatayo ni kwa wanaotaka kumjua mtu mwenyewe, maisha yake, hoja zake, na mahali alipokosea. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: urithi wake mkubwa ni ule ukaidi wa kudai ushahidi kwa kila mwenye mamlaka, awe rais, waziri au mtakatifu. Na pale alipoacha kuudai, alipotea vibaya.

Alikuwa nani hasa?

Mwandishi wa habari, mhakiki wa fasihi na mbishi wa kazi. Alizaliwa Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, tarehe 13 Aprili 1949. Baba yake, Eric, alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji, mmoja wa waliokuwa ndani ya HMS Jamaica iliposhiriki kuizamisha manowari ya Kijerumani Scharnhorst mwezi Desemba 1943. Mama yake, Yvonne, alikuwa na ndoto kubwa kwa mwanawe wa kwanza, na familia ambayo haikuwa na fedha za kuchezea ilijinyima ili asome shule za bweni za kulipia.

Akafika Chuo cha Balliol, Oxford, akasoma falsafa, siasa na uchumi, akahitimu 1970 na shahada ya daraja la tatu. Muda wake mwingi uliishia kwenye maandamano ya kupinga vita vya Vietnam na mikutano ya vikundi vya kisoshalisti. London aliandikia jarida la New Statesman, alikojenga urafiki wa kudumu na waandishi kama Martin Amis na James Fenton. Mwaka 1981 alihamia Marekani, akawa na safu yake katika The Nation, na kuanzia 1992 akaandikia pia Vanity Fair. Uraia wa Marekani aliuapia mwaka 2007, siku alipotimiza miaka 58, kwenye mnara wa kumbukumbu ya Thomas Jefferson mjini Washington. Alifariki Houston, Texas, tarehe 15 Desemba 2011, akiwa na miaka 62.

Aliacha kuamini kwa sababu ya kuumizwa na dini?

Hapana. Hili huwashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba mkana Mungu lazima nyuma yake kuna padri mkatili au shehe aliyemwonea.

Mwenyewe alisimulia kwamba akiwa na miaka kama tisa, mwalimu wake wa masomo ya maumbile, mama aliyempenda sana, aliwaambia wanafunzi kuwa Mungu aliyafanya majani na miti kuwa ya kijani kwa sababu hiyo ndiyo rangi inayoyapumzisha macho yetu. Mtoto yule hakuwa anajua lolote kuhusu nadharia ya mageuko ya viumbe. Alihisi tu kwamba maelezo yamegeuzwa kichwa chini, kwamba macho ndiyo yaliyoizoea dunia, na dunia haikutengenezwa kuyafurahisha macho. Kinyongo na mwalimu wake hakuwa nacho.

Baadaye alipita kwenye dini kadhaa bila kukaa popote. Shule yake ya sekondari ilikuwa ya Wamethodisti. Mke wake wa kwanza alitoka Kupro, na ndoa ilifungwa kwa taratibu za Kanisa la Orthodoksi la Kigiriki. Ndoa ya pili iliongozwa na rabi. Na alipokuwa karibu na miaka arobaini, familia iligundua kwamba Yvonne alikuwa na asili ya Kiyahudi ambayo hakuwahi kuitaja kwa watoto wake. Kufikia wakati huo Yvonne alikuwa amefariki zamani. Alijiua Athens mwaka 1973 pamoja na mpenzi wake, ambaye wakati mmoja alikuwa mchungaji, na Christopher ndiye aliyesafiri kwenda kuushughulikia msiba, akiwa na miaka 24, katika nchi iliyokuwa chini ya utawala wa kijeshi.

Kwa nini alisema yeye si mkana Mungu tu, bali ni mpinga dini?

Kwa sababu kuna watu wasioamini wanaosema, "Laiti ingekuwa kweli." Hitchens alisema anashukuru kwamba hakuna ushahidi. Mungu anayekuona umelala, anayejua unachowaza, anayekuadhibu kwa fikra uliyoifikiri kimoyomoyo, na ambaye hata kifo hakikutoi mikononi mwake, kwake huyo alikuwa dikteta kamili. Alikuwa ameitembelea Korea Kaskazini, na alipenda kusema kwamba huko angalau unaweza kufa ukaondoka.

Ukiielewa hoja hii, maisha yake yote yanashikamana. Chuki yake ya kwanza ilikuwa kwa utawala wa mabavu. George Orwell, mwandishi wa Shamba la Wanyama, alikuwa shujaa wake, na alimwandikia kitabu kizima mwaka 2002. Dini aliiona kuwa chimbuko la utii usiohojiwa, na ndipo alipoelekeza mashambulizi.

Hoja zake kuu ni zipi?

Zimekusanywa kwenye God Is Not Great (Mungu si Mkuu), kitabu chake cha 2007. Anailaumu dini kwa mambo manne: kwamba inapotosha asili ya mwanadamu na ulimwengu, kwamba kwa sababu ya upotoshaji huo inachanganya unyenyekevu wa kupindukia na majivuno ya kudhani ulimwengu wote uliumbwa kwa ajili yako, kwamba inazaa, na yenyewe inazaliwa na, ukandamizaji hatari wa mapenzi na miili yetu, na kwamba mwisho wa yote inasimama juu ya matamanio.

Juu ya hayo kuna kanuni inayoitwa kwa jina lake: dai lililotolewa bila ushahidi linaweza kukataliwa bila ushahidi. Ukiibeba kanuni hii siku nzima, utaona inavyofanya kazi nje ya dini pia. Mganga anayeahidi kuponya kila ugonjwa, mwanasiasa anayetaja njama bila karatasi, mfanyabiashara wa mtandaoni anayeahidi kuzidisha fedha zako, wote wanakwama hapohapo.

Halafu kuna changamoto aliyoirudia kila ukumbini: nitajie tendo moja jema lililofanywa na muumini ambalo asiyeamini asingeweza kulifanya. Watu hukwama. Kisha anauliza la pili: nitajie uovu uliofanywa kwa sababu ya imani. Hapo kila mtu anao mfano.

Hoja ni kali, lakini haimalizi mjadala. Swali la muumini mwenye busara si kama asiyeamini *anaweza* kutenda wema. Anaweza, tunawajua. Swali ni nini kinachowafanya watu wa kawaida, kwa pamoja na kwa vizazi, waendelee kuendesha zahanati na shule vijijini ambako serikali haijafika. Hitchens angejibu kwamba hospitali ya misheni haithibitishi kuwa Yesu alifufuka. Kweli kabisa. Ila muumini naye alikuwa ameuliza jambo jingine.

Kwa nini alimshambulia Mama Teresa?

Hili ndilo swali linalowaudhi wengi, na jibu lake linastahili urefu.

Mwaka 1994 Channel 4 ya Uingereza ilionyesha filamu aliyoiandika kuhusu mtawa huyo, na 1995 akatoa kitabu kifupi juu ya mada hiyohiyo. Watu walishtushwa na ukatili wa maneno. Ukikisoma taratibu, unakuta kazi ya mwandishi wa habari anayefuata nyayo za fedha na kuuliza nani aliona nini.

Alianza na muujiza. Mwaka 1969 mtangazaji wa Uingereza Malcolm Muggeridge alikwenda Calcutta na kikosi cha BBC kumpiga picha Mama Teresa. Ndani ya nyumba ya wanaokaribia kufa kulikuwa na giza, na mpiga picha hakutarajia kupata kitu. Filamu iliposafishwa, picha zilitoka vizuri. Muggeridge akatangaza kuwa ile ni nuru ya Mungu, na habari ikaenea. Mpiga picha mwenyewe alikuwa na maelezo mengine: walikuwa wametumia aina mpya ya filamu ya Kodak. Waandishi waliompigia simu walimuulizia muujiza.

Kisha fedha. Charles Keating, mfanyabiashara wa Marekani aliyepatikana na hatia ya kuwatapeli maelfu ya watu akiba zao, alikuwa amempa Mama Teresa dola milioni 1.25. Mwaka 1992 mtawa alimwandikia hakimu akiomba huruma kwa mfadhili wake. Mmoja wa waendesha mashtaka alimjibu kwa heshima, akamweleza fedha zile zilikotoka na kumwomba azirudishe kwa walioibiwa. Kwa mujibu wa Hitchens, jibu halikuja. Hapohapo aliweka safari ya 1981 nchini Haiti, alikopokea nishani ya utawala wa kidikteta wa Duvalier na kuusifu.

Na la uzito zaidi, alidai kwamba katika nyumba zake wagonjwa walikosa dawa za maumivu na uchunguzi wa kitabibu, ilhali michango ilikuwa mingi, kwa sababu mateso yenyewe yalitukuzwa. Mtawa alipougua yeye, alitibiwa katika hospitali nzuri za Marekani.

Mwaka 2001 Kanisa Katoliki, likiwa linachunguza kama atangazwe mwenye heri, lilimwita Hitchens mjini Washington kutoa ushahidi wa kupinga. Alikwenda. Naona hilo ni la kuliheshimu Kanisa. Mama Teresa alitangazwa mwenye heri mwaka 2003 na mtakatifu mwaka 2016.

Kuhusu Keating na ile filamu ya Kodak, sijaona aliyemjibu Hitchens vya kutosha. Kuhusu wagonjwa, naona alipita haraka mno juu ya ukweli mmoja: wengi wa walioletwa pale waliokotwa barabarani, na kabla ya pale hakukuwa na mlango mwingine uliofunguliwa kwao.

Alikuwa na chuki dhidi ya Waislamu?

Kichwa cha kitabu chake cha 2007 kinaipindua takbira waziwazi, na alifanya hivyo kwa makusudi. Baada ya Septemba 11, 2001 lugha yake dhidi ya makundi ya kijihadi ilikuwa kali, na mara nyingine haikutenganisha vya kutosha kati ya makundi hayo na mamilioni ya watu wanaoswali na kwenda zao kazini.

Chanzo chake ni tarehe 14 Februari 1989, Ayatollah Khomeini wa Iran alipotoa fatwa ya kuuawa kwa mwandishi Salman Rushdie. Rushdie alikuwa rafiki yake. Hitchens alimtetea wakati wengi walipokuwa wanatafuna maneno, na kumkaribisha nyumbani kwake Washington. Aliona mtu amehukumiwa kifo kwa kuandika riwaya, na hukumu ina zawadi ya fedha juu yake. Mwaka 2022 Rushdie alichomwa kisu jukwaani jimboni New York. Akanusurika, lakini jicho moja halioni tena.

Wanaomnukuu leo ili kuwatukana Waislamu huruka upande wa pili. Mwaka 1988 alihariri kitabu pamoja na msomi wa Kipalestina Edward Said kuwatetea Wapalestina. Miaka ya 1990 alipaza sauti kudai Waislamu wa Bosnia waokolewe wakati serikali za Ulaya zilipokuwa zinasitasita. Uyahudi, Uhindu na Ubudha navyo vilipata sehemu yao.

Aliwahi kuandika kuhusu Afrika Mashariki?

Ndiyo, na kwa msomaji wa Kiswahili hapa ndipo pa kuanzia. Alikwenda kaskazini mwa Uganda, na makala yake ikatoka katika Vanity Fair mwezi Januari 2006. Alikuta Gulu ikipokea maelfu ya watoto kila jioni, wakitembea kilomita kadhaa kutoka vijijini ili walale mjini, kwenye varanda na vibanda, wasije wakatekwa usiku na waasi wa Lord's Resistance Army ya Joseph Kony. Jeshi hilo lilidai kupigania Amri Kumi. Watoto waliotekwa walilazimishwa kuua, wengine kuwaua jamaa zao ili wasiwe na pa kurudi.

Katika kitabu cha 2007 alirudi huko. Anasimulia kituo kimoja cha Kitgum, kilichoendeshwa na Wakristo waliokuwa wakiwahudumia watoto waliotoroka. Aliwauliza: mnajuaje nani kati yenu na Kony ndiye muumini wa kweli zaidi? Kuwavalisha watoto miguu ya bandia na kuwapa mahali pa kulala, alisema, shirika lolote lisilo la dini lingeweza. Kuwa Kony kunahitaji imani. Anakiri kwamba wale watu hawakulikwepa swali lake.

Swali ni zito, na waumini wa huku tunapaswa kulijibu bila kukasirika. Lakini Gulu ina ushahidi mwingine. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake, Waanglikana na Waislamu wakiwemo, walilala nje usiku kadhaa pamoja na watoto hao ili dunia ione. Walikuwa wameungana tangu miaka ya 1990 kutafuta amani, wakilaumiwa na serikali na waasi pia. Je, asiyeamini angeweza kulala pale? Bila shaka. Waliolala ni hao.

Rwanda nayo imo. Hitchens aliandika kuhusu nchi ya Kikristo kupita nyingi barani, ambako mwaka 1994 watu walikimbilia makanisani na kuchinjwa humohumo, na baadhi ya makasisi wakiwa upande wa wauaji. Anayetaka kubisha aende kwenye makanisa ya Nyamata au Ntarama. Mwaka 2017, Hitchens akiwa ameshafariki, Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale.

Alikosea wapi?

Irak. Mtu aliyeandika kitabu mwaka 2001 akitaka Henry Kissinger, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, ashtakiwe kwa Chile, Kambodia, Bangladesh, Kupro na Timor Mashariki, mwaka 2003 aliunga mkono uvamizi ulioongozwa na George W. Bush. Alikuwa ameshaondoka The Nation mwaka 2002, baada ya miaka ishirini, na marafiki wengi hawakumsamehe. Sababu yake haikuwa ya kijinga: aliwajua Wakurdi, alijua Saddam Hussein aliwafanyia nini, na aliamini kumwacha ni kushiriki dhambi. Lakini madai ya silaha za maangamizi yalihitaji kanuni yake mwenyewe, na hakuipitisha juu yake kama alivyoipitisha juu ya muujiza wa Calcutta. Mpaka anakufa hakujutia.

Nusu nyingine ya habari hii ni lazima isemwe. Mwaka 2007 alisoma kwamba askari kijana wa Marekani aliyeuawa Mosul alikuwa amejiunga na jeshi akichochewa kwa sehemu na makala zake. Aliitafuta familia, akaenda kukaa nao, akaandika kuhusu kijana huyo kwa uchungu usiofichwa. Mwaka 2008, wakati wakubwa wa Marekani wakibishana kama kumwagia maji mtu aliyefunikwa uso ni mateso, alijitolea kufanyiwa. Alidumu sekunde chache, kisha akaandika kwamba yale ni mateso, bila kuweka "lakini".

Makala yake ya 2007 iliyodai wanawake hawana uwezo wa kuchekesha kama wanaume ni dhaifu, na sioni haja ya kuitetea.

Ni kweli ndugu yake ni Mkristo?

Kweli. Peter Hitchens, mdogo wake, naye mwandishi wa habari, aliwahi kuichoma Biblia yake akiwa mwanafunzi, akarudi Kanisa la Uingereza ukubwani, na mwaka 2010 akatoa kitabu cha kuitetea imani. Waligombana miaka kadhaa, wakapatana. Mwaka 2008 walifanya mdahalo mbele ya watu huko Grand Rapids, Michigan, kuhusu Irak na kuhusu Mungu.

Mdahalo gani niutazame kwanza?

Wa London, Oktoba 2009, kuhusu kama Kanisa Katoliki ni nguvu ya wema duniani. Hitchens na mwigizaji Stephen Fry walikuwa upande mmoja, Askofu Mkuu John Onaiyekan wa Abuja na mwanasiasa Ann Widdecombe upande wa pili. Kabla ya kuanza, 678 walikubaliana na hoja. Mwishoni walibaki 268, na waliopinga walikuwa 1,876. Tazama pia wa Toronto, Novemba 2010, dhidi ya Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza. Hitchens alikuwa tayari kwenye matibabu, nywele zimenyonyoka, na akili haikuwa imepungua hata chembe.

Alitubu kabla ya kufa?

Hakuna ushahidi. Juni 2010, katikati ya ziara ya kutangaza kumbukumbu za maisha yake, aligunduliwa kuwa na saratani ya umio. Alikuwa mvutaji na mnywaji mkubwa kwa miongo mingi, na alisema hilo mwenyewe kabla hajaambiwa. Waumini walitenga siku ya kumwombea, Septemba 20. Aliwashukuru, ila hakushiriki. Akaonya mapema kwamba ikisikika ameungama kitandani, huyo hatakuwa yeye, atakuwa mtu aliyelemewa na dawa na hofu.

Mwaka 2016 Mkristo mmoja aliyefahamiana naye alitoa kitabu akidai kwamba moyoni alikuwa anaanza kuyumba. Marafiki na jamaa walikanusha. Mimi ninawaamini waliokuwa kando ya kitanda.

Urafiki ninaoukumbuka zaidi ni wake na Francis Collins, mwanasayansi Mkristo aliyeongoza taasisi za taifa za afya za Marekani. Walikuwa wamepingana hadharani kuhusu Mungu. Ugonjwa ulipokuja, Collins alimsaidia kupata matibabu ya majaribio yaliyotegemea uchunguzi wa vinasaba vyake. Hakuna aliyembadili mwenzake. Hitchens alifariki kwa nimonia katika hospitali ya MD Anderson, na mwili wake ulitolewa kwa utafiti wa kitabibu.

Mimi ni muumini. Nimsome?

Msome ukiwa na kalamu. Weka alama pale alipo sahihi, hata inapouma, na pale alipochagua mfano mbaya kabisa ili kuhukumu kundi zima. Anafanya hivyo mara nyingi.

Nianze na maandishi gani?

Makala ya Uganda kwanza, kwa sababu unaweza kuipima kwa unayoyajua. Kisha kitabu cha Mama Teresa, ambacho ni kifupi na kinamalizika kwa siku mbili. Kile cha 2007 kije cha tatu, na usianze mwanzo: fungua sura inayouliza kama dini inawafanya watu wawe na mwenendo bora, maana Kony na Rwanda wamo humo. Insha zake alizoandika akiumwa, zilizotoka kama kitabu mwaka 2012, ziache mpaka umemzoea.